Tumbaku ya Baba

Treni ilipoondoka Kaliua, Levina alimweleza mama aliyeketi naye kwamba anasomea biashara, na muhula huu wanafundishwa jinsi kampuni inavyopaswa kutunza mazingira na kuwajali watu.

“Ukiwa meneja,” akauliza yule mama, mfugaji wa nyuki, “utanunua tumbaku iliyokaushwa kwa kuni za msituni? Miti niliyotundika mizinga yangu imeishia kwenye kuni hizo.”

“Sitanunua, mama.”

“Na kwenu mnalima nini?”

“Tumbaku,” akajibu Levina kwa sauti ndogo. “Ndiyo inayonisomesha.”

“Sasa mwanangu, baba yako utamkatalia?”

Levina aligeuka kushusha begi lake. Treni ikasimama Tabora. Baba yake alikuwa stesheni, akipokea begi huku akitabasamu.

“Enhe, safari hii wamekufundisha nini?”