Historia ya Shemeji Spea, Aliyeomba Azikwe Mjini Hapa

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wa maji na wageni mliotoka mbali, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi ni mdogo wa mjane, na karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, darasa la jioni la watu wazima nililimaliza mwaka jana, basi nikikwama mahali msinikimbize, nitafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kusini, katika kijiji cha mtoni, mtoto wa tano wa wazazi wakulima. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, na kwa kuwa karo ya kuendelea haikupatikana, akaingia barabarani, akawa utingo wa lori.

Agosti 1979 lori lao liliharibika gia boksi hapa hapa, wakati huo mji wetu ni gereji mbili, kituo cha polisi, zahanati na vibanda vya chai, maana lami iliishia hapa na kila mwenye kwenda kaskazini zaidi alilazimika kulala. Wakawa wanasubiri spea, na yeye, kwa kuwa tumbo halijui kusubiri, akaomba kibarua cha kuchimba mtaro wa bomba la kwanza la maji. Spea ilipofika dereva akapiga honi, akapiga tena, shemeji akamjibu toka mtaroni, "Tangulia bosi, nakuja," na jina la Spea likamganda, wengine mlidhani ndilo alilopewa na mama yake.

Idara ya maji ilimwajiri tarehe 1 Februari 1981, akapanda mpaka fundi mkuu, na mji ukapanda naye, bomba likifika mahali wiki ileile mtu anafyatua matofali, ikaja hospitali ya mkoa, mahakama, shule za bweni, stendi, soko la jumla, hata leo watu wa wilaya zote za huku juu wakitaka daktari, hakimu au viatu vya harusi, wanakuja kwetu.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa dada yangu, muuza chai wa pale gereji, ambaye mwanzo alimkataa akisema wanaume wa mji huu wote ni wa kupita, naye akajibu kwa kujenga chumba na sebule. Walijaliwa watoto watatu, muuguzi, dereva wa basi na mwalimu, na wajukuu sita.

Mnaujua mji wetu, mtu kakaa miaka thelathini bado anajiita mgeni, na akifa jambo la kwanza ni kutafuta gari la kumrudisha kwao. Shemeji, akiwa kwenye kamati ya misiba ya mtaa, amesindikiza miili ya wenzake njia zote, na kila akirudi alinung'unika, "Watoto wetu watasema kwao ni wapi?" Akaliganda baraza la mji mpaka likatoa kiwanja hiki kando ya tenki kiwe makaburi, akakivutia maji siku zake za likizo, watu wakamtania, "Spea, bomba hilo wanakunywa mizimu?" na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuzikwa.

Machi 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa hospitali ya mkoa, na tarehe 3 mwezi huu, alfajiri, akatutoka, akiwa ameshasema azikwe hapa. Kaka yake mkubwa alikataa, "Mtu hazikwi njiani," akaja na gari la kumchukua, na sisi upande wa mke hatuna kauli mbele ya ukoo, dada yangu akakaa akijua kaburi la mumewe litakuwa safari ya siku mbili.

Jana binti yao muuguzi akamwomba baba mkubwa aje aone tu. Alikizunguka kiwanja, akafungua bomba, akanawa uso, akauliza, "Haya kayaleta yeye?"

"Yeye, baba mkubwa."

Akakaa juu ya tofali, kisha akamwambia dereva, "Zima gari, mwanangu. Mdogo wangu hakukwama huku, alijenga."

Tangu hapo jirani fundi cherehani ameshauliza kama ubavuni pa shemeji pako wazi, tumemwambia asiwe na haraka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa maji mliochimba kaburi hili wenyewe, tunakushukuru na wewe kaka mkubwa, udongo wa kwanza ni wako.

Shemeji, pumzika, kwenu ndiyo hapa.