Ridhaa ya Mama Rudia

Ndugu, jamaa na majirani, naomba mtulie kidogo, mimi mdogo wake marehemu niwasomee safari ya dada yangu.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1962, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ya jirani hadi 1975, sekondari ya bweni hadi 1979, kisha chuo cha uuguzi, alikohitimu tarehe 3 Desemba 1982, na kote huko aliuliza maswali hadi walimu wakaomba poo.

Aliajiriwa wodi namba nne ya hospitali kuu, na mwaka 1991 akapewa kazi ya kuwasainisha karatasi za ridhaa wagonjwa waliokuwa wakijaribiwa dawa mpya ya kifua, akasainisha sitini kwa wiki moja, akapongezwa, mpaka mgonjwa mmoja, mpishi, alipomshukuru kwa kumpatia kitanda karibu na dirisha, maana ndivyo alivyoielewa ile karatasi. Dada alirudi nyumbani akalia. Akarudi darasani, akasomea maadili ya utafiti wa tiba, akahitimu tarehe 21 Novemba 1998, na kwa miaka ishirini na miwili katika kamati ya maadili hakupitisha utafiti wowote ambao mgonjwa hatakiwi kurudia kwa maneno yake mwenyewe anachokubali, na kwamba anaweza kukataa. Wauguzi wakambatiza Mama Rudia, na nyumbani nasi tulikoma, ukitumwa chumvi unarudia kwanza.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1987 na mfamasia, shemeji yetu aliyetutangulia mwaka 2016, wakajaliwa binti mmoja, daktari wa meno, aliyekuwa masomoni ng'ambo mama yake alipougua.

Tarehe 16 Januari mwaka huu alipatwa na kiharusi, akapata nafuu, akaelezwa kwamba kikirudi ipo dawa inayojaribiwa. Alimwambia mdogo wake hataki, akamtaka arudie, naye akarudia neno kwa neno. Lakini mganga hajigangi, aliyewaandikia wengine ridhaa kwa maelfu hakuandika uamuzi wake popote, na tarehe 2 Mei kiharusi kikarudi, kikamnyang'anya kauli. Daktari akauliza kama mgonjwa aliacha neno lolote. Mdogo wake akajibu kwamba alikubali, kisha akasaini kwa niaba yake. Dada alikaa siku kumi na tisa na mirija, mikono imefungwa asiing'oe, akafariki tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari wa zamu, ambaye hakukosea, alidanganywa, majirani waliotufulia mashuka, na wanakamati wenzake waliokuja kila siku wakakaa naye.

Mpwa wangu, uliponiuliza kwenye simu kama mama alikubali mwenyewe, nilikuapia kuwa ndiyo. Si kweli, mwanangu. Nilimsikia vizuri kabisa, ila niliogopa kubaki bila yeye.

Dada, pumzika kwa amani, hata kama hukunisamehe.