Kornelia Akonaay Tluway, Aliyewatafutia Watu Mahali pa Kulala

Dada yetu Kornelia Akonaay Tluway, ambaye mwili wake uko mbele yetu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1975 katika kijiji jirani na Dongobesh, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Akonaay Tluway na mama Paskalina. Mwaka 1983 baba yake alipigwa pembe ya tumbo na maksai aliyekuwa akilima naye, akafia shambani kabla hawajamfikisha barabarani.

Matanga yalikuwa hayajapoa ndugu wa marehemu walipokuja kung'oa bati. Ilikuwa masika. Mama Paskalina alitoka na mpini wa jembe, akapigwa mpaka meno ya mbele yakamtoka. Kornelia, mtoto wa miaka saba, alimng'ata mkono yule aliyekuwa akimpiga mama yake na hakuuachia mpaka alipobamizwa ukutani. Msimu ule wote mama na watoto wake walilala katika jiko la katekista, pamoja na mbuzi wake. Hatuyasemi haya kumchafua mtu. Aliyeyafanya ametangulia, na watoto wake tuko nao hapa. Ndio waliolichimba kaburi hili.

Alianza darasa la kwanza Dongobesh mwaka 1984, akamaliza la saba mwaka 1990. Alikuwa na akili, na alikuwa na ngumi. Akiwa darasa la tano alimwangusha mvulana mmoja mkubwa aliyemnyang'anya mwenzake daftari. Mwalimu Herman akamwita mbele. "Kornelia, wewe ni mwanafunzi au ni mgambo?" Akajibu, "Shikamoo mwalimu. Daftari amesharudisha." Alichapwa, lakini mwalimu huyohuyo ndiye aliyekwenda kuwaambia wazee wa ukoo kwamba binti huyu asiozwe, asome. Alisoma sekondari Mbulu, kisha akapata stashahada ya ustawi wa jamii Dar es Salaam mwaka 1999. Mwaka uliofuata aliajiriwa wilayani Hanang, akahamia Katesh.

Huko alikutana na Baltazar, dereva wa matrekta kwenye mashamba ya ngano ya Balangdalalu. Alipokuja na wazee wake kuposa, Kornelia aliomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Akamwuliza mbele ya watu wote, "Umewahi kumpiga mwanamke?" Wazee wakatazamana. Baltazar akainamisha kichwa. "Dada yangu tu, tulipokuwa wadogo. Alinirudishia, nikalazwa." Hata mama Paskalina alicheka, akasahau kuziba mdomo. Walifunga ndoa takatifu tarehe 5 Julai 2003, na Mungu akawajalia watoto wawili, Patriki na Evaline. Katika miaka yote hiyo Baltazar hakuwahi kumwinulia mkono.

Kazi yake wengi wenu mnaifahamu, lakini si wote mnaofahamu jinsi ilivyokuwa. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, Kornelia alikuwa miongoni mwa waliochimba kwa mikono. Alimvuta mwanamke mmoja kwa kwapa, akatoka hai. Akamvuta wa pili, akatoka amekufa, kiuno kimevunjika kama kibuyu kikavu cha kuchotea maji. Siku zilizofuata waathirika waliandikwa kila mahali: ofisini, parokiani, msikitini, zahanati. Mtu mmoja alipata msaada kwa majina matatu. Bibi mwingine, aliyelala kwenye baraza la mashine ya kusaga, hakupata hata blanketi, kwa kuwa kila mgawaji alidhani wenzake wamempa.

Kornelia aliwaita wote ukumbini: padri, wazee wa msikiti, wauguzi, askari wa dawati la jinsia, watendaji wa kata. Aliwaambia, "Kila mmoja wetu ana kipande cha mtu. Nani ana mtu mzima?" Nurdin Zubery, kijana wa duka la kompyuta na simu pale Katesh, ndiye aliyewatengenezea mfumo mmoja wa taarifa. Mwenye blanketi akiandika, mwenye dawa anaona, na askari anaona.

Walioathiriwa na tope walipopata makazi, mabaraza ya soko yalipaswa kubaki matupu. Hayakubaki. Hapo ndipo mfumo ulipoanza kusema jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Zahanati ilikuwa imemfunga mkono mwanamke fulani. Polisi walikuwa wameandika malalamiko yake. Parokia ilikuwa imempa blanketi. Mgambo walikuwa wamemfukuza stendi kwa fimbo. Alikuwa mwanamke yuleyule, na nyuma yake walikuwepo wengine wengi wa aina yake. Wengi wao walikuwa wajane, na wengi walianza kulala nje mara tu baada ya kuzika waume zao. Mmoja alichomewa nyumba akiwa ndani na mwanawe. Mwingine alikatwa sikio kwa kuwa alikataa kuonyesha mpaka wa shamba.

Tangu hapo Kornelia aliacha kuwasubiri sokoni. Aliwafuata msibani. Mwanamume akifa kijijini, taarifa iliingia kwenye mfumo, na kabla ya matanga kuanuliwa Kornelia alifika na mtendaji na msaidizi wa sheria, akasalimia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, kisha akaandika mbele ya ukoo wote nyumba ni ya nani na shamba linaishia wapi. Alitukanwa. Balangdalalu alirushiwa mawe, akarudi kesho yake na plasta usoni, akamalizia kuandika. Bati nyingi mnazoziona huko leo bado ziko juu ya wenyewe kwa sababu hiyo.

Kisha mfumo huohuo ukamwuma. Mwezi Agosti 2024 alimpokea Marieta, mke wa mtu kutoka Gehandu, akiwa na mtoto mgongoni na taya lililovunjwa kwa rungu. Wilayani hapakuwa na nyumba ya kuwahifadhi watu kama yeye, kwa hiyo Kornelia alimchukua kwake. Kwenye mfumo paliandikwa, kama ilivyoandikwa kwa kila mtu, mahali anapolala. Karani mmoja wa kijiji, rafiki wa mumewe Marieta, alifungua simu yake kilabuni na kumsomea.

Jumapili tarehe 22 Septemba 2024, mchana, watu wakiwa wametoka kanisani, mume huyo, Gervasi, alifika Katesh. Alipiga hodi kwa adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu," Kornelia akaitikia huku akijifuta mikono ya unga. Ndipo akaliona panga chini ya koti.

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Mwanangu, weka hilo chini, tuongee."

"Mimi siyo mwanao. Toka mlangoni."

Kornelia hakutoka. Alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Gervasi alimkata mkono wa kulia, vidole vitatu vikaanguka kizingitini. Kornelia akalishika panga upande wa makali kwa mkono uliobaki, wakang'ang'aniana mpaka panga likadondoka. Hapo Gervasi akachomoa rungu kiunoni, akampiga la kichwa, akampiga la pili alipopiga magoti. Hata hapo aliikumbatia miguu yake, hakuiachia ivuke. Marieta alitokea ndani, taya bado limefungwa, akampiga Gervasi kiwiko kwa mchi wa kinu mpaka mfupa ukasikika.

Majirani walijaa. Tairi lilikuwa limeshaletwa, na mafuta ya taa. Baltazar alifika akikimbia, akamwona mkewe kwenye dimbwi la damu, akaokota jiwe la kujengea msingi na kuliinua juu ya kichwa cha Gervasi. Kornelia hakuwa akiona, damu ilikuwa imemjaa machoni, lakini alizijua hatua za mumewe.

"Baltazar," alisema. "Hujawahi kuua."

"Leo nitaua."

"Basi nitalala na nani? Mpelekeni polisi."

Jiwe lilianguka pembeni. Gervasi alipelekwa polisi akiwa hai, na hilo, ndugu waombolezaji, halikuwa jambo dogo siku ile.

Nurdin alikwenda hospitali akilia. Watu walikuwa wamemwambia kwamba mashine yake ndiyo iliyompeleka mwuaji mlangoni. "Mama, nifute vyote?" Kornelia alikuwa amelala, kichwa kimefungwa chote. Alikuwa na hasira, na alimwambia Baltazar baadaye kwamba hasira ile aliielekeza kwake mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyetaka kila mtu aone kila kitu. Kisha akasema, "Ukifuta, tunarudi kwenye vipande, na yule bibi wa mashine ya kusaga atakufa kwa baridi. Ondoa mahali wanapolala. Na kila anayefungua, jina lake libaki." Ikafanyika hivyo. Sasa muuguzi anaona majeraha, askari anaona malalamiko, na mahali pa kulala panajulikana kwa watu wawili tu. Karani alifukuzwa kazi na kushtakiwa. Gervasi alihukumiwa kifungo cha miaka ishirini, baada ya Kornelia kupanda kizimbani na kula kiapo kwa mkono wa kushoto.

Lakini marungu yale hayakutoka kichwani mwake. Aliporudi kazini Januari 2025 alianza kupata kifafa. Alianguka kwenye mkutano Gehandu; alianguka kanisani. Mwezi Machi alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni, na Evaline ndiye aliyemvuta. Madaktari walisema kuna damu iliyogandia ndani. Alipasuliwa, akapata nafuu ya muda mfupi. Hakuwa mgonjwa mpole. Alirusha vikombe, alimfokea Baltazar, halafu alimwita akae naye. Kila alipotembelewa aliuliza kwanza nani amefiwa wiki hii na nani amekwenda huko.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025 kifafa kilimshika hospitalini, na safari hii hakikumwachia. Kilimbamiza kitandani mpaka meno yakapasua ulimi, na wauguzi wanne na mumewe hawakuweza kumtuliza. Alifariki dunia saa tano kasorobo, mkono wake ukiwa katika mkono wa Baltazar. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Familia inawashukuru madaktari, majirani, parokia, wazee wa msikiti wa Katesh waliokesha nasi, na wote mliosafiri kutoka pande zote za Mbulu na Hanang.

Marehemu ameacha mume, Baltazar. Watoto wawili, Patriki na Evaline. Mama yake mzazi, mama Paskalina. Na mdogo wake, Yoakimu, ninayewasomea. Ameacha pia Marieta na mwanawe, ambao watoto wa marehemu wameagiza watajwe hapa, miongoni mwa wafiwa.

Kabla hatujamshusha, familia ina tangazo. Juzi ukoo ulikaa kuijadili nyumba ya Katesh. Mjomba mmoja aliuliza, "Nyumba ya mtoto wetu wakae wageni?" Evaline, ambaye yuko kidato cha nne, aliamkia wazee, akaomba kusema. "Mjomba, damu ya mama bado iko kwenye kile kizingiti. Tumesugua, haitoki. Mimi siwezi kukaa pale. Marieta anaweza. Wapeni." Baltazar alisema maneno yake ni hayohayo. Basi kuanzia Jumatatu nyumba ile ni ya wanawake waliofukuzwa makwao, na Marieta ndiye mwenye ufunguo. Mwenye neno juu ya jambo hili na aje mbele sasa, aliseme hapa, mama Paskalina akiwa anasikia, kabla hatujarudisha udongo.

Kornelia, dada yetu, umechoka. Bwana akupe amani, na upumzike.