Mshubiri wa Sylvesta Boay

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma naomba kila mmoja aape moyoni kwamba habari ya mshubiri wa marehemu haitavuka ua huu, maana nilimwahidi akiwa kitandani kuwa sitamwambia mtu, na sasa nawaambia ninyi nyote.

Marehemu Sylvesta Boay, mdogo wangu wa kunifuata mimi Antonia, alizaliwa hapa Karatu tarehe 14 Februari 1931, akasoma shule ya misheni, na mwaka 1946 akaingia seminari, ambako alikishika Kilatini hadi mapadre wakamtegemea, kisha mwaka 1951 akatoka, wengine wanasema kwa sababu ya homa, lakini homa yenyewe mnaiona imekaa pale mkekani, ndiyo Leonida, aliyefunga naye ndoa tarehe 8 Januari 1955 na kujaliwa watoto wawili, Evarista na Inosenti.

Alifundisha shule kwa miaka mingi, na mwaka 1971 akachukuliwa na watafiti wa mimea kule Ngorongoro, kwani mmea mpya haukubaliki na wataalamu mpaka uelezwe kwa Kilatini, na yeye ndiye alikuwa akiandika maelezo hayo. Alitueleza hadi tukachoka kwamba majina mengi ya mimea ni ya Kigiriki, na yakishahamia kwenye Kilatini yanaendelea kubadilika miisho kwa desturi ya kwao, kwa hiyo mshubiri ni aloe, ukisema wa mshubiri ni aloes, ukisema nimeuona mshubiri ni aloen, lile ua la rangi ya chungwa la kando ya mashamba ni leonotis lakini likimiliki kitu linarefuka kuwa leonotidis, na stigma, ile ncha ya ua inayopokea chavua, ingawa linaishia na a kama majina ya kike, si la kike wala la kiume, nalo linakuwa stigmatis. Nilimwambia hata wake walioolewa hapa kutoka mbali wako hivyo hivyo, akacheka, Leonida hakucheka.

Rafiki yake wa kazi alikuwa Metui, mfugaji wa Kimaasai wa Oloipiri, ambaye alikuwa akipanda magenge huku akiimba aloe, aloes, aloen kama anaita ng'ombe, na mwaka 1976 huyo Metui alishusha kutoka kwenye genge la upande wa Endulen miche miwili ya mshubiri ambao watafiti hawakuwahi kuuona. Bila ua hakuna wa kuupa jina, kwa hiyo marehemu aliipanda, mmoja kando ya jiko, mwingine nyuma ya zizi, akasubiri.

Agosti 1982, wiki ya harusi ya Evarista, ule wa jikoni ulikuwa umetoa kikonyo cha ua, ukang'olewa. Wote tunajua mizizi ya mshubiri huchachusha pombe ya asali, na marehemu, kwa uchungu, akasema hayo ni mambo ya Wamaasai, akamfukuza Metui mbele ya wageni. Metui alijibu neno moja tu, sawa, akachukua fimbo yake akaenda.

Mwaka jana mdogo wangu alianza kuumwa tumbo, akalazwa mara mbili, akarudishwa nyumbani, na kutoka dirishani aliuona ule wa nyuma ya zizi ukitoa kikonyo, akaandika maelezo yake yote ya Kilatini, akaacha wazi nafasi ya rangi ya ua. Siri aliyonipa ni hii, alisema, dada, nadhani nilimwonea Metui, lakini usimwambie mtu, nitaona aibu. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 1986, kikonyo bado kimefumba.

Jana mchana, tukiwa kanisani kwa ibada, mshubiri huo nao umeng'olewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kuchanja kuni, na watafiti mliotuletea gari. Tunamshukuru pia shemeji yetu Clemensi, kaka yake Leonida, aliyetengeneza pombe ya harusi ile, na aliyebaki nyumbani jana kutengeneza ya kuondoa tanga. Utomvu wa mshubiri ule ni wa manjano, ukikauka unakuwa zambarau, na sabuni haiutoi. Leo asubuhi mimi ndiye niliyewamiminia wanaume maji ya kunawa kabla ya chai, na tangu hapo shemeji ameweka mikono kwenye mifuko ya koti.

Sasa tunatia udongo kaburini, kwa mikono mitupu kama desturi yetu. Metui, uliyesimama kule uani, umetembea kutoka Oloipiri, njoo uanze wewe. Anayefuata ni Clemensi.

Toa mikono, shemeji. Yote miwili. Inua, na wa nyuma waone.

Haya, wameona. Sylvesta, mdogo wangu, rangi ya ua hatukuipata, ya mwizi tumeipata. Lala sasa, utulie.