Sista wa Chini ya Ulimi

Muuguzi Regina Ciakuthii anastaafu tarehe 31 Machi baada ya kuhudumu miaka thelathini na mmoja, mingi yake katika kituo chetu cha afya karibu na Kianjokoma. Alitaka kubaki miaka mitatu zaidi. Moyo wake umekataa, na inatuuma kusema hivyo siku ya kula keki.

Alitoka kwao Mbeere kwenye joto, akafika huku kwenye mashamba ya chai na sweta moja nyepesi. Tulidhani hatamaliza mwezi. Kumbe ndiye angeanzisha kliniki ya moyo ya kila Jumatano, hadi wagonjwa wakambandika jina la Sista wa Chini ya Ulimi.

Jina hilo alilitolea jasho. Hapa kwetu dawa isiyoteremshwa kwa chai si dawa, kwa hivyo wazee walikuwa wakimeza kile kidonge cha maumivu ya kifua, kisha wanalalamika kwamba hakifanyi kazi. Aliwaeleza bila kuchoka: kiache kiyeyuke chini ya ulimi, kiingie kwenye damu upesi. Kinalegeza mishipa, moyo unapunguziwa kazi, maumivu yanaachilia. Lakini presha nayo hushuka, kwa hivyo keti kwanza. Kifua kikiendelea kubana baada ya dakika tano, upelekwe hospitali.

Kuketi ndiko kulikowashinda wanaume. Mzee Munyi alimuuliza mbele ya foleni nzima, "Sasa Sista, nikae chini kwa shamba kama mtoto, na watu wa kuchuna chai wananiona?" Akajibiwa kwamba wakimwona ameketi watacheka, wakimwona ameanguka watalia. Siku hizi Munyi huketi.

Mganga hajigangi. Januari maumivu yalimshika Sista mwenyewe, Jumatano, foleni ikiwa imefika getini. Aliweka kidonge chini ya ulimi, akaendelea kupima watu presha akiwa amesimama. Munyi ndiye aliyemdaka akianguka. Daktari amesema kazi ya kusimama imekwisha, na muuguzi wa kushika Jumatano zake bado hatujapata.

Asante, Sista, kwa vifua vyote ulivyotuliza. Tunakuombea siku nyingi na njema huko nyumbani kwako siku hizi, mtaa wa Majimbo. Ratiba ilisema mstaafu atasimama kutoa shukrani. Tumefuta hapo. Wewe utaketi, sisi ndio tutakaosimama.