Wanaopenda Pori Wako Porini

Benchi la Mama Hortense, kwenye kona moja ya mtaa wa Makomeno, lilikuwa mti wa reli uliolazwa juu ya matofali, na kila asubuhi watu watatu walilikalia kana kwamba wamelirithi. Wa kwanza ni Profesa, ambaye hakumfundisha mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga ukumbi mkubwa wa université, na masomo aliyasikiliza wima, funguo mkononi. Wa pili ni Papa Sirène, mzee wa mgodi aliyepumzishwa kazi, ambaye hata njaa yake ilifuata sirène, king'ora cha zamu. Wa tatu ni Deux-Places, fundi wa viatu, aliyeitwa hivyo, yaani Nafasi-Mbili, kwa sababu ya nafasi aliyoichukua kwenye benchi. Mwenye kahawa, kwenye karatasi za serikali, alikuwa Citoyenne Kalaba, maana majina ya wazungu yalikuwa yamekatazwa. Lakini kahawa haina karatasi, basi kijiweni alibaki Hortense.

— Leo kahawa iko moto kweli, mama, Deux-Places alisema.

— Kahawa iko moto, kura njo iko baridi. Yenga ya kura iko kesho kutwa. Mutaenda?

— Tutaenda, mama, wote watatu walijibu, upesi kama watu wanaoitikia salamu.

Wiki nzima Hortense alikuwa akiwauliza hivyo hivyo, nao wakimjibu hivyo hivyo. Jumapili ile, ndiyo yenga yao, quartier, yaani mtaa mzima, ingechagua mshauri wake pale shuleni, na safari hii yalikuwepo majina mawili. Citoyen Nkandu, muuguzi, alisema pori la Kamasuku lisiguswe. Yule mwingine, Mumba wa Makamio, ambaye kijiwe kilimtabiria ushindi, alikwisha kulitembelea pori hilo na kamio zake tatu, malori ya mizigo, akautazama kila mti akaona makaa. Nalo pori la Kamasuku ndilo lililomlea Hortense tangu mumewe afariki. Mvua ya kwanza ikinyesha, wanawake waliingia humo kuokota vinkubala, viwavi wale wanene wa kuliwa. Hortense alivikausha, na watoto wake wanne walikula mpaka miezi ya baridi. Miti ikigeuka makaa, viwavi hawatapanda juu ya gunia.

— Miye sielewi kintu kimoja, Hortense alisema. Batu ya kupenda Kamasuku beko wengi kupita batu ya Mumba. Juu ya nini munasema Mumba atashinda?

Profesa alishusha kikombe. Alikuwa akilingoja swali hilo tangu Jumatatu.

— Juu wenye kupenda pori beko na ugonjwa moja, mama. Siku ya kura bote beko porini. Yenga hakuna kazi, batu ya Mumba bote beko kwenye kupiga kura, hakuna shoka inalia. Njo siku muzuri ya kuokota.

Hortense aliinamia birika. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na kikapu kipya, na wanawake sita wa avenue yake walikwisha kupatana naye: Jumapili, kabla ya jua, Kamasuku. Naye alikuwa amejiambia kwamba kura atapiga wakirudi. Alikisogeza kikapu kwa kisigino, kikaingia chini ya meza.

— Na dawa yake? aliuliza.

— Dawa iko. Kule kwetu, université, Profesa alisema (alipenda sana kusema "kule kwetu"), mwalimu moja alifundisha sayansi ya tabia. Alisema muntu hafanyi kile anapenda. Anafanya kile anaona jirani anafanya. Donc usimwambie muntu "kura iko muzuri". Mwambie "avenue yote inaenda, unabaki weye".

— Ulijaribu?

— Nilijaribu jana, kwa jirani yangu Chomba. Nilimwambia bote banaenda.

— Akasema nini?

— Akasema, kama bote banaenda, hawana lazima naye.

Deux-Places alicheka mpaka benchi likaguna.

— Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai, alisema. Njo maana Chomba hatajikwaa. Atabaki kwake.

— Muache sayansi ya mulango, Papa Sirène aliingilia. Miye nilifanya miaka makumi mbili na saba chini ya king'ora. Nabaambia, muguu ya muntu ya mugodi hauulizi kichwa. Tuombe mugodi kitu kimoja tu: yenga, saa ya kufungua kura, bapige king'ora. Batu bataamuka, batabeba chakula yao, bataenda. Wakipata akili, beko ndani tayari, na karatasi iko mukononi.

— Na watatoka saa ngapi? Profesa aliuliza.

Papa Sirène alifikiri kwa uaminifu.

— Kwisha zamu. Saa tisa.

— Batu mia tatu ndani ya darasa moja mpaka saa tisa. Na Nkandu mwenyewe atabaki inje, hana nafasi ya kuingia.

— Haba na haba hujaza kibaba, Papa Sirène alisema, na hakuna aliyejua kama hilo lilimtetea au lilimshtaki.

Sasa ikawa zamu ya Deux-Places. Alijiweka kitako, na Papa Sirène, aliyekuwa pembeni, nusura aanguke.

— Nyinyi munatafuta kwa kichwa, kumbe hii ni jambo ya tumbo. Sikilizeni. Tuchukue vinkubala, tupange kwenye njia, kimoja kimoja, toka Kamasuku mpaka mulango ya masomo kule banapigia kura. Mwenye kupenda pori ataokota, ataokota, macho iko chini. Akiinua kichwa, anaona sanduku ya kura.

— Na kikapu yake imejaa, Profesa alisema. Atageuka, atarudi nyumbani kupika.

— Basi tupeleke sanduku yenyewe porini. Batapiga kura wakiwa juu ya muti.

— Sanduku, meza, bakarani, mapolisi. Utapeleka na nini?

— Na kamio.

— Kamio ya nani?

Deux-Places alitazama ndani ya kikombe chake. Katika quartier nzima, mwenye kamio alikuwa Mumba.

— Tunaweza kumuomba, alisema polepole. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata Hortense alicheka, ingawa moyo wake ulikuwa mzito. Ndipo akafika mwanamke mwenye furushi la samaki wakavu kichwani, harufu ikitangulia. Alikuwa Marceline wa Kasenga, aliyeleta samaki wa mto Luapula mjini kila mwezi, akapitia kahawa kabla ya soko. Deux-Places alisogea kidogo. Haikusaidia, basi Marceline alikalia furushi lake.

— Munabishana nini, ba papa?

Walimweleza, watatu kwa pamoja: pori, Mumba, king'ora, viwavi njiani. Marceline alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa.

— Na nyinyi, mutaenda?

— Tutaenda.

— Saa ngapi?

Vikombe vitatu vilipanda midomoni kwa pamoja.

— Asubuhi, Profesa alisema.

— Asubuhi iko ndefu, papa. Saa ngapi? Mutapita njia gani? Na nani?

Profesa alihesabu funguo zake. Papa Sirène, ambaye maisha yake yote yalikuwa saa, alikumbuka kwamba Jumapili king'ora hakimwamshi, na pasipo king'ora hakujua anaamka lini. Deux-Places alisema kwamba mambo ya Mungu hayaulizwi saa.

— Kwetu Kasenga, Marceline alisema, muntu akisema "nitavuka muto", tunamuuliza saa ngapi, na ndani ya mutumbwi ya nani. Kama hajui, tunajua eko bado nchi kavu. 

Alimgeukia mwenye kahawa.

— Na weye, dada Hortense?

Hortense alifungua kinywa. Saa aliijua, njia aliijua, wanawake sita aliwajua kwa majina. Ila vyote vilikuwa vya Kamasuku.

— Miye... alisema, akakigusa kikapu kwa kisigino.

Marceline hakumsukuma. Alimaliza kahawa yake, akajitwika samaki, akaenda sokoni. Watatu walianza kuinuka, kila mmoja kwa sababu yake, wakisema kama kawaida:

— Mpaka kesho, mama. Na yenga, kahawa ya mapema.

Hortense alikitoa kikapu chini ya meza, akakiweka juu, mahali ambapo kila mtu angekiona.

— Yenga kahawa haitakuwa hapa, alisema.

Wote watatu walisimama palepale.

— Itakuwa mbele ya mulango ya masomo, kule banapigia kura. Saa moja. Nitapita na bamama sita ya avenue yangu. Vinkubala tutaokota nyuma ya kura, vitangoja siku moja. Miti Mumba akikata, haitangoja.

Profesa alimtazama Papa Sirène. Papa Sirène alimtazama Deux-Places. Miaka mitano hapakuwa na asubuhi hata moja waliyokosa kahawa ile.

— Mais mama, Deux-Places alisema, kule hakuna benchi.

— Utaibeba weye, Hortense alijibu, akianza kuosha vikombe. Nafasi mbili ni zako.