Bwana Futi na Kona ya Duka la Mikate

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, kabla sijaanza kusoma historia ya shemeji yangu naomba radhi kwa lile tela refu mlilolipita kwa miguu mkija hapa, limekwama kwenye kona ya duka la mikate, kichwa kimeshaingia mtaani kwetu na mkia umebaki barabara kuu, haliendi mbele wala halirudi nyuma, na aliyelichagua ni mimi, mimi huyu niliyezunguka nchi nyingi na kupotea karibu zote, kwa hiyo mkinitazama hivyo sina cha kujitetea.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Futi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshona nguo, na futi ya mama yake ndiyo iliyokuwa kichezeo chake cha kwanza, akipima nayo kuku, ndoo na miguu ya wageni. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza mwaka 1971, kisha akajifunza umakanika katika gereji ya mjomba wake, na mwaka 1976 akaajiriwa kuwa dereva wa kampuni ya kuuza mbao na nondo.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na dada yangu, na wazee wetu wanakumbuka kwamba alipokuja kuchumbia alikuwa hatulii, jicho lake lote liko mlangoni, tukadhani anatafuta njia ya kukimbia, kumbe anapima kwa macho kama kabati la dada litatoka bila kung'oa fremu. Mungu aliwajalia watoto watatu, mabinti wawili na kijana mmoja, ambaye leo ni dereva na anafunga mzigo kama baba yake.

Mwaka 1988 alinunua lori lake mwenyewe, lile la bluu mnaloliona pale getini, ambalo hupita hata kichochoro cha nyuma, lenye bodi la wazi lisilo na kuta wala paa. Siku hiyo nilimsindikiza, nikapenda jingine lenye injini kubwa, honi ya kutikisa mtaa na bodi refu kama uwanja wa mpira, nikamsihi alichukue, naye akaniuliza kwa upole litabeba nini, kizito kiasi gani, kwa barabara ipi, na likifika litageuzia wapi, maswali ambayo mtu aliyevutiwa na honi hana majibu yake. Akachukua hilo fupi, lenye bodi la chini ili wapakiaji wasiumie migongo, ekseli mbili za nyuma za kuhimili nondo, gia ya kwanza ya kupanda mlima taratibu, na ndoano za mikanda ambazo aliona hazitoshi, akachomelea nyingine mwenyewe. Nilimcheka njia nzima. Kwa lori hilo alisomesha watoto, akahamisha nusu ya mtaa huu, na kila alipoitwa mahali pageni alitangulia kwa miguu na futi mfukoni.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na hata siku ya kupelekwa chumba cha upasuaji aliwaambia wauguzi kwamba kitanda hakitapita mlangoni bila kushusha vyuma vya pembeni, wakacheka, wakakigongesha mlangoni, wakavishusha. Mwezi uliopita alinishika mkono akasema: "Shemeji, mnipakie kwenye lori la wazi, na mikanda mkaze vizuri." Alifariki tarehe 4 Machi mwaka huu, saa nane mchana, dada yangu akiwa pembeni yake. Nami sikuuliza lori lipi, nilitaka aondoke kwa heshima kubwa, nikakodi tela la ekseli tatu la kubeba tani thelathini, kwa mtu ambaye ugonjwa ulikuwa umemwacha mwepesi kiasi kwamba hata mimi ningemwinua peke yangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiwapimia milango, majirani waliopika na kulala nasi, madereva wenzake, na mwenye duka la mikate, ambaye ngazi yake iliyovunjwa na tela tutaijenga upya. Nawe shemeji, umefikisha kila mzigo uliokabidhiwa, zima injini, pumzika kwa amani.

Imebaki safari moja. Asubuhi hii nilimfuata dada yangu jikoni, nikamweleza kwamba tukisubiri kidogo, vijana waliong'oa uzio wa kwanza pale konani wakang'oa na wa pili, tela litaingia na marehemu ataondoka kama mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema:

"Hata kona hukupima. Mpakieni kwenye lori lake, twende."